Siku Mama Mkubwa Alipomfunga Babu Mikanda

"Mama mkubwa, ule mkono wa babu uliushika kwa sababu ya mashine, au kwa sababu ni baba yako?"

Nilimuuliza hivyo kwenye korido ya hospitali, nikiwa bado shule ya msingi, kofia ya babu ikiwa mikononi mwangu. Nyumbani waliniita Mbona, kwa sababu sikuwa na sentensi isiyoanza na neno hilo, kwa hiyo maswali yangu alikuwa ameyazoea. Akaniangalia, akafuta jasho juu ya mdomo kwa mkono wa koti lake jeupe, akasema, "Mpelekee babu yako kofia yake, kichwa kitapata baridi." Basi. Jibu nikanyimwa.

Ili ujue nilikuwa nauliza nini, lazima kwanza uijue kazi yake.

Mama mkubwa ni dada yake mama, mtoto wa kwanza wa babu. Anaendesha mashine ya kuusaidia moyo bila kumchana mtu wala kumdunga sindano. Chumba chake kiko mwisho wa korido, ukishapita maabara, na kabla hujafika mlangoni unaisikia: fuu, chap. Fuu, chap. Ndani kuna kitanda chenye godoro la plastiki nyeusi, kabati la chuma lililoficha pampu, na mirija minene kama ya kumwagilia bustani. Mgonjwa anavaa suruali nyepesi ya kubana, halafu analala chali. Anafungwa mikanda mipana yenye mifuko ya hewa, kwenye mashavu ya miguu, mapajani, na ule mkubwa kuliko yote kuzunguka nyonga na makalio. Kifuani anabandikwa vibandiko vyenye waya, ili mashine isikie moyo unapiga vipi.

Aliwahi kunieleza akiwa anafuta ile mikanda kwa dawa. "Moyo ukisukuma damu, unafanya kazi ya watu wote. Ukipumzika, ndipo na wenyewe unakula. Sasa mashine inangoja upumzike, halafu inabana miguu, kuanzia chini kwenda juu, kama unavyobana dawa ya meno. Damu inapanda, moyo unakula vizuri. Kabla haujasukuma tena, mifuko yote inaachia."

"Mbona mashine isikosee?"

"Inaweza kukosea, Mbona. Waya zikitikisika inasikia vibaya, inabana wakati moyo nao unasukuma. Ni kama mtu anatoka na gunia kichwani, wewe unamfungia mlango usoni."

Ndiyo maana chumbani mwake ilikuwa marufuku kucheka. Kifua kikitikisika, waya zinatikisika. Mzee mmoja fundi cherehani alikuwa akilalamika kwamba kwa huyu mama hata kukohoa unaandika barua ya maombi. Mama mkubwa aliendelea kukaza mikanda, na alipoona imekaza aliingiza kidole kimoja kati ya mkanda na paja. Kikiingia kwa urahisi, alifungua, akaanza upya.

Sasa babu.

Babu alikuwa dereva wa lori maisha yake yote ya kazi. Mtu mkubwa, kifua kimejaa nywele hadi shingoni, mdomo haukai. Maumivu ya kifua yalimshika kwanza akipanda ngazi. Baadaye yakamshika akienda bafuni. Mwisho yakawa yanamshika akifunga kamba za viatu. Daktari wa moyo, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya chini, alituambia bila kuzunguka kwamba mishipa imeziba mahali pengi, mwili wake hautahimili kupasuliwa, na vidonge peke yake vimeshafika mwisho. Imebaki ile mashine. Tukikaa tu, alisema, kuna asubuhi atainama kuvaa viatu na hatainuka.

Tukamgeukia mama mkubwa. Mwenzake wa zamu, kaka mmoja ambaye angeweza kumhudumia babu, alikuwa amepelekwa masomoni. Alibaki yeye peke yake.

"Binti yangu anifunge makalio?" babu akasema. "Bora nife nimevaa suruali yangu."

Mama akalia. Bibi akamwambia babu kwamba akitaka kufa afe, lakini aseme kwanza nani atamwondolea bibi lile lori bovu nyuma ya nyumba. Babu akacheka, akashika kifua, na kile kicheko kikaishia njiani. Pale sote tuliona. Akakubali, ila kwa masharti mawili. Havui suruali yake, na hakuna wa kumgusa nywele za kifua.

Mama mkubwa hajawahi kumkubalia mgonjwa sharti hata moja. Fundi cherehani alinyolewa kifua chote akinung'unika. Lakini kwa babu alisema, "Sawa, baba," macho yakiwa sakafuni.

Siku hiyo nilikaa kwenye stuli karibu na dirisha, kwa sababu babu aligoma kubaki mle peke yake na bintiye. Nikamwona mama mkubwa akifanya kazi kama mtu mwingine. Vibandiko alivibandika juu ya nywele, akavikandamiza, akavikandamiza tena. Mikanda ya miguuni alifunga. Ya mapajani alifunga akitazama ukutani. Ule wa nyonga aliupitisha chini ya babu, akaukutanisha juu, akabandika kitambaa cha kunata mara moja, chrrr, akaondoa mikono haraka kama ameshika sufuria ya moto. Kidole hakuingiza. Nilitaka kuuliza mbona, nikaona shingo yake imekakamaa, nikaifinya kofia ya babu magotini.

Akawasha. Fuu, chap. Miguu ya babu ikaruka kidogo. Kwenye kioo cha mashine mstari wa moyo ukapita, kilima, bonde, kilima.

"Kumbe hivi tu," babu akasema. "Barabara ya changarawe hii. Kuna siku nilimpakia padri mmoja na mbuzi wake..."

"Baba, usiongee."

"...mbuzi akala tiketi ya padri..."

"Baba, nakuomba."

Lakini babu alikuwa ameshaanza kujichekesha mwenyewe. Kifua kikatikisika. Mkanda wa nyonga, uliokuwa umelegea juu ya ile suruali nene, ukapanda tumboni. Kibandiko kimoja kikaachia upande, kikabaki kinaning'inia kwenye nywele. Kwenye kioo vilima vikawa vingi, vifupi, havina mpangilio, na mashine ikaanza kubana ovyo, chap chap, fuu, chap, ikifuata kutikisika na kuuacha moyo. Babu akanyamaza katikati ya neno. Uso wake ukawa rangi ya jivu.

Mama mkubwa alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu. Kimya. Hewa ikatoka kwenye mifuko kwa mluzi mrefu.

"Kidonge chini ya ulimi. Fungua mdomo, baba. Baba, fungua." Aliongea taratibu kabisa, na taratibu ile ndiyo ilinitisha kuliko kelele. "Mbona, kamwite daktari. Usikimbie, utaanguka."

Nilikimbia.

Babu alirudiwa na rangi baada ya muda, akalala pale jasho likimtiririka masikioni. Daktari alitazama kioo, akaokota kile kibandiko, akaona nywele zilizonata chini yake. Akamtazama mama mkubwa, akamwashiria watoke. Nje ya mlango nilimsikia. "Dada, baba yako mpe mtu mwingine."

"Hakuna mtu mwingine."

"Basi tusimamishe mpaka apatikane."

"Akipatikana lini? Umeona mwenyewe viatu vinavyomshinda."

Daktari akavuta pumzi. "Kesho, mara moja. Nitakaa chumbani mwenyewe. Maumivu yakirudi, mzee huyu haipandi tena mashine hii."

Jioni mama mkubwa alikuja nyumbani, hakuvua hata koti la kazi. Babu alikuwa amelala ubavu, amegeukia ukuta. Mama akatuambia tutoke, lakini mlango wa chumba cha babu haujawahi kufunga vizuri.

"Baba, leo nimekuumiza."

"Mashine yako ndiyo imeniumiza."

"Hapana. Mashine ilifanya nilivyoiambia."

Halafu sauti ya babu, nzito, bila utani. "Ulinifunga vibaya."

"Najua."

"Nani alikufundisha kufunga mzigo?"

"Wewe."

"Nilikufundisha hivyo? Turubai unalipitisha juu, unavuta kidogo, unageuza uso? Ungekuwa utingo wangu ningekushusha njiani."

"Nilikuonea aibu, baba."

"Na mimi nilijionea," babu akasema. "Sasa aibu yako na yangu zimekaa juu ya kifua changu, na hapa hapana nafasi."

Sikuwahi kumsikia babu akiongea vile. Mama mkubwa akasema kwa ile sauti yake ya chumbani kwake, ile ya kumnyima mtu ruhusa ya kukohoa. "Kesho nakunyoa kifua. Na suruali yako unavua, unavaa ya hospitali."

"Ile kama ya mcheza sarakasi?"

"Hiyo hiyo."

"Usimwambie mama yako."

Bibi, aliyekuwa amesimama karibu yangu akisikiliza kama mimi, akaziba mdomo kwa kanga.

Asubuhi daktari alisimama pembeni amekunja mikono. Mama mkubwa alimnyoa babu polepole, wembe ukipita, anafuta, wembe unapita, na zile nywele nyeupe zikajaa kwenye karatasi. Babu alitazama dari. Bila nywele kifua chake kilikuwa kidogo, cha mtu nisiyemjua, na katikati ngozi ilikuwa inarukaruka. Nikajua ule ndio moyo wenyewe, kuna ngozi tu kati yangu na wenyewe. Nikaangalia pembeni.

Vibandiko vikashika. Mikanda ya miguuni, ya mapajani. Alipofika wa nyonga hakutazama ukutani. Aliupitisha chini, akauvuta juu, akaweka mguu wake kwenye chuma cha kitanda, akavuta kwa mgongo wote, vilevile utingo anavyokaza kamba ya lori. Chrrr. Akajaribu kuingiza kidole. Hakikuingia.

Babu aliuona ule mguu kwenye chuma. Mashavu yake yakavimba. Alikuwa anataka kucheka, na tulijua anataka kucheka, na daktari akasogea hatua moja. Mama mkubwa akamkazia macho. Babu akafumba yake, akabana midomo, chozi likamtoka pembeni ya jicho, na kifua chake hakikutikisika hata kidogo.

Akawasha kwa nguvu ndogo kabisa. Fuu, chap. Halafu akafanya jambo ambalo jana hakulifanya. Alivuta kiti, akaketi, akamshika babu mkono pale kwenye mapigo. Mashine ikienda sawa, mkononi unasikia mawili, la moyo na la mashine, yanafuatana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akaongeza nguvu kidogo kwa mkono wa pili. Akasikiliza. Akaongeza.

Mimi nilikuwa namtazama babu usoni, nikiisubiri ile rangi ya jivu. Kila mashine ilipobana nilibana meno. Kwenye kioo vilima vilipita, vya moyo na vya mashine, kimoja kirefu kimoja kifupi, halafu taratibu kile kifupi kikaanza kurefuka. Daktari akaachia mikono yake. Akasogea kwenye kioo, akatikisa kichwa kukubali, akatoka bila kuaga.

Rangi ya jivu haikuja. Babu alisinzia. Alikoroma hata. Na mama mkubwa alikuwa bado ameushika ule mkono, hadi mashine ilipojizima yenyewe saa moja ya mgonjwa ilipoisha, na hewa ikapiga mluzi wake ikitoka.

Hapo ndipo nilipomfuata koridoni na lile swali langu.

Babu alimaliza zamu zake zote za mashine, akiilaani suruali ya sarakasi kila asubuhi. Hakupona, daktari alitukanya tusitumie neno hilo. Lakini alifunga kamba za viatu. Akafika getini, baadaye akafika kwa kinyozi kule kona, akarudi na habari za watu. Lori bovu aliliuza mwenyewe, akimtukana mnunuzi. Aliishi miaka mingine, na mwaka jana alifariki usingizini, viatu vikiwa chini ya kitanda.

Sasa mimi niko sekondari, nasoma biolojia, na moyo naweza kuuchora na vyumba vyake vyote vinne. Likizo hii nilikwenda kumtembelea mama mkubwa kazini. Alikuwa anamfundisha msichana mgeni, anamwonyesha kidole kisichoingia. Msichana alipomshika mgonjwa mkono, mama mkubwa akamwambia, "Sikia mawili, ukishayapata basi, mwachie, ana kazi ya kupumzika." Mgonjwa aliachiwa upesi sana. Nikakumbuka ile saa nzima ya mkono wa babu.

Mgonjwa alipoondoka nikamsaidia kufuta mikanda, nikauliza tena, maneno yaleyale. Mkono wa babu, ilikuwa mashine au baba yako?

Safari hii hakunituma kofia. Aliukunja mkanda wa nyonga, akauweka juu ya kitanda, akaulainisha kwa kiganja.

"Kwa mashine ilitosha kidogo tu, kama ulivyoona," alisema. "Lakini tangu nilipokuwa msichana mkubwa, baba hakuwahi kunishika mkono, wala mimi kumshika wake. Nikawaza, nikiuachia huu, nje ya chumba hiki nitauomba tena kwa sababu gani?"