Siku ya Tano ya Mfungo

Mama alikuwa amelala akiutazama ukuta. Vidole vyake vilikuwa vimevimba tena, vyekundu kwenye viungo. Mwezi uliopita, nilipotoka Kitale kurudi kazini Bungoma, aliweza kufunga vifungo vya sweta mwenyewe.

Sebuleni akina mama wa kanisa walikuwa wakimwombea. Walianza na siku tatu za kufunga pamoja naye, ili huzuni iliyomshika imwachilie. Hakupata nafuu, wakaongeza ziwe saba. Hii ilikuwa siku ya tano.

"Mama, dawa za viungo unameza?"

"Zinataka chakula. Na mimi nimefunga."

Juzi tu daktari wake kule Bungoma alinieleza kwamba uvimbe hauishii kwenye viungo. Kemikali zake hufika ubongoni, na kwa watu wengine huzima hamu ya kula, usingizi, hata furaha. Nilimbishia. Anajuaje kwamba si maumivu tu yanayomhuzunisha, kama yangemhuzunisha yeyote?

"Kwa mama yako siwezi kuapa," alisema. "Lakini asiache dawa ghafla. Uvimbe ukishuka, tutaona kama moyo utafuata."

Nilirudi sebuleni. "Anazidi kuumwa kwa sababu hamezi dawa."

Kiongozi wao, jirani aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, alifungua jicho moja. "Wewe si uliacha kanisa ukiwa chuo? Ati sasa huzuni inatoka kwa vidole?"

"Na wivu unatoka kwa magoti, bana!" mwingine akadakia. Wakacheka.

Nilitaka kuwafukuza wote. Lakini hata nyumba ingebaki tupu, Mama angeendelea kufunga kwa ajili yao.

"Anti," nilimwambia kiongozi, "sijui kama dawa itaondoa huzuni. Hata daktari hajui. Lakini ikikaa kwenye kopo hatutajua kamwe. Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Mama akaita kutoka chumbani, "Nikila, mtasema nimewaangusha?"

Walitazamana. Kiongozi alinikazia macho mpaka nikadhani atanipiga kofi. Kisha akafunga Biblia, akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha uji. Alinipita kama hanioni.

"Kunywa, dada. Siku zako zilizobaki nitafunga mimi."

Mama alikunywa nusu, akameza vidonge vyake, akasema uji umekosa sukari.