Nilivyomlipiza mwalimu wangu

Yule mtoto wa mbwa nilipewa na yaya wangu, dada yangu mkubwa anayelima kakao huko Beni. Wezi wa kakao walikuwa wamemchosha, akafuga mbwa, na mbwa wakazaa. Siku nilipokwenda kumsalimia alinitilia mmoja ndani ya kitunga, akafunika na kipande cha kikwembe, yaani kitenge.

"Beba hii," akasema. "Uko naishi peke yako kule Butembo, na bikwembe ya batu inalalaka kwako."

Ni kweli. Mimi ni fundi wa kushona, nyumba yangu ina vyumba viwili, na kimoja ni cha mashine. Nikabeba kitunga. Njia nzima ya kupanda Butembo kale kambwa kalinitapikia kwenye sketi, abiria wakacheka, nami nikajua nimejiletea matata.

Wiki ya kwanza alikula uzi wa rangi tatu. Alikojoa juu ya vipande nilivyokuwa nimekwisha kukata. Kisha akapasua kikwembe cha mama mmoja aliyekuwa anaozesha binti yake Jumamosi ile. Nilimpiga na sandali. Akajificha chini ya mashine, na huko chini akatafuna mkanda wa mashine. Nikampiga tena. Kadiri nilivyompiga ndivyo alivyozidi kuharibu, ila sasa alikuwa anaharibu kwa kujificha.

Ng'ambo ya ua wangu wa miti aliishi mwalimu. Alikuwa amestaafu zamani, na mtaa mzima ulimheshimu. Jumapili kanisani alikaa mbele. Mimi alinifundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi. Natumia mkono wa kushoto, na yeye hakutaka. Alinifunga mkono ule kwenye benchi kwa kamba ya katani, kisha akanichapa ule wa kuume kwa sababu ulikuwa unaandika vibaya. Aliniita Kichwa Ngumu mpaka watoto wote wa darasa wakasahau jina langu. Mwaka uliofuata sikurudi shuleni. Baba alisema basi, nijifunze kushona. Leo nakata nguo kwa mkono uleule, na kila asubuhi nilimwambia yule mzee "Jambo, mwalimu" juu ya ua, huku moyoni nikimwambia mengine nisiyoweza kuyaandika hapa.

Siku moja mbwa wangu alipenya chini ya ua akaiba kiatu chake cha kanisani. Mwalimu alikuja mlangoni kwangu akiwa amemning'iniza kwa ngozi ya shingo. Mkono wa pili ulishika fimbo. Alimwachia, naye akaanguka, akaja kwangu akichechemea.

"Nimeifundisha kidogo," mwalimu akasema. Akanitazama vizuri, akacheka. "Wewe! Ile kichwa ngumu yako ya zamani umeipatia na imbwa? Imbwa na mutoto ni moja. Bila fimbo, hapana sikia."

Kumbe alikumbuka. Miaka yote ile nilidhani amenisahau, na nilikuwa nimezoea kusahauliwa. Lakini alikumbuka, na alikuwa anacheka.

"Pardon, mwalimu," nikasema. Nina miaka zaidi ya arobaini, na nilisema pardon kama mtoto.

Nilifunga mlango. Mbwa alikuwa amejibana ukutani, amejikojolea, na nilipoinua mkono nimshike mguu alifumba macho akingoja pigo. Mkono wangu ule wa kushoto. Hapo niliona haya, na baada ya haya ikaja hasira kubwa ambayo sijapata kuwa nayo. Nikampigia yaya simu Beni, nikamweleza yote.

"Donc utafanya nini?" akauliza.

"Nitaifundisha hii imbwa mpaka yule muzee akule maneno yake. Bila fimbo. Hata kofi."

"Utaweza? Ile kazi inaomba roho ya pole. Wewe roho yako iko moto."

"Iko moto juu yake. Hapana juu ya imbwa."

Basi akanifundisha kwa simu, siku baada ya siku. Nimpe kitu chake cha kutafuna, ili aache vya watu. Nikampa sandali ileile niliyokuwa nampigia. Nimtoe nje kila anapokula na kila anapoamka, na akikojoa nje nimsifu kama mtu aliyefaulu mtihani. Akiniuma kwa kucheza nisipige kelele, nigeuke tu, nimpe mgongo mpaka atulie. Nimwite "Kuya!" kwa sauti ya chini, na kila akija nimpe sambaza mmoja mkavu, samaki mdogo wa ziwani. Nisimwite kamwe kwa kumgombeza.

"Imbwa ikikuya na ukaipiga," yaya alisema, "umeifundisha isikuye tena."

Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Kulikuwa na siku alijua kila kitu, na kesho yake alikuwa amesahau kila kitu. Alikula kola ya shati la harusi nikiwa natazama. Nilikaa sakafuni nikabana mikono kati ya magoti isije ikanitoka. Nilihesabu pumzi. Na kilichonizuia, nakiri, hakikuwa upendo. Ilikuwa sura ya mwalimu. Kila nilipotaka kupiga nilimwona akicheka pale mlangoni, nikasema hapana, sitakupa hiyo furaha, muzee. Nikachukua sambaza mwingine, nikaanza upya. Upendo ulikuja baadaye, polepole. Siku moja nilikuta nimemwekea mbwa kichwa cha samaki kilichokuwa changu.

Mvua zilipokwisha alikuwa anakuja kwa neno moja. Nikisema "ikala" alikaa. Alilala kando ya vikwembe bila kugusa uzi. Wateja walimshangaa. Na mimi nikaanza kumtoa barabarani Jumapili, saa ya watu kurudi kutoka misa. Sikufanya hivyo kwa bahati. Nilimngoja mwalimu atokee kwenye kona na viatu vyake vipya, ndipo nikasema "ikala," na mbwa akakaa katikati ya watu wote, ametulia tuli.

"Mama, hii imbwa umeifundisha na nini?" jirani mmoja akauliza.

"Na midomo tu," nikajibu kwa sauti ya kufika mbali. "Fimbo ni ya mutu asiyejua kufundisha."

Mwalimu alipita bila kunisalimu. Nilikula vizuri siku ile.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa na mbwa, dume jeusi lililofungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Tulizoea kusikia likipigwa. Wiki chache baadaye likamng'ata mkono alioinulia fimbo. Alikwenda kudungwa sindano, akarudi na bendeji mpaka kwenye kiwiko. Binti yake anayeishi Kayna akatuma neno: hamleti mjukuu tena mpaka mbwa yule atulie au auawe.

Alikuja kwangu asubuhi, akasimama nje, akakohoa.

"Mama," akasema. Hakuwa amewahi kuniita mama. "Ile imbwa yangu, naomba unifundishie."

"Siko na wakati, mwalimu."

Akarudi kesho. Nikamjibu vilevile. Siku ya tatu nikamwambia: "Siwezi kukufundishia. Utaifundisha wewe. Utakuya nayo hapa kila asubuhi, na utafanya yenye nitasema."

Alikuja na mbwa, na kwapani alikuwa na fimbo. Nikamwambia arudishe fimbo nyumbani. Watu walikuwa wanakwenda sokoni. Wote walimwona akirudi nayo, na wote walimwona akija mikono mitupu.

"Piga magoti," nikasema.

"Nini?"

"Ukisimama inaona fimbo, hata kama hauna fimbo. Piga magoti, mwalimu."

Yaya alikuwa ameniambia kujishusha tu, hata kuchuchumaa kunatosha. Hilo sikumwambia. Mzee alipiga magoti juu ya changarawe za uwanja wangu, akatandaza kiganja chenye sambaza, akaita: "Kuya." Sauti yake ilikuwa ya amri. Mbwa akajilaza nyuma yangu, akitetemeka.

"Pole zaidi," nikasema.

"Kuya."

"Pole zaidi, mwalimu. Kama mutu anayeomba."

Watu walikuwa wamesimama wakichungulia juu ya ua. Ilichukua muda mrefu mpaka mbwa akanyoosha shingo akamchukua samaki. Mwalimu akataka kuinuka. Nikamwambia bado. Mbwa alikuwa amekwisha kula, hakukuwa na sababu yoyote, lakini nilimwacha pale nikaingia ndani kushona mstari mzima wa sketi. Nilipotoka alikuwa bado chini. Alisema bila kunitazama:

"Mukono yako ya kushoto. Nilikuwa naifunga."

"Ndiyo."

"Wakati ule ndivyo tulifundishwa sisi pia."

Nilingoja neno lingine lifuate. Halikufuata.

"Kesho saa ileile," nikasema. "Na usisahau sambaza."

Alikuja kila asubuhi mpaka magoti ya suruali yake yakachakaa, na mimi ndiye niliyeyatia viraka. Mbwa alitulia, mjukuu akaja. Lakini mnyama hupenda pale alipoacha kuogopa, na huyu aliacha kuogopa kwangu. Mwalimu alipozeeka zaidi, binti yake akaja na gari kumhamishia Kayna. Vitu vilipakiwa. Mzee akainama kando ya mlango wa gari, akaita kwa pole kabisa, kama nilivyomfundisha. Mbwa alimtazama, akatikisa mkia kidogo, kisha akavuka barabara akaja kukaa miguuni kwangu.

Ningeweza kumsukuma. Ningeweza kumbeba mpaka kwenye gari, angekubali. Nilisimama tu, mkono wangu wa kushoto juu ya kichwa chake, nikamtazama mwalimu machoni mpaka alipoingia ndani na gari likaondoka.

Yaya aliposikia alinigombeza. "Mais ungemuachilia muzee kitu moja!" Labda. Sijamsamehe, na yeye hajaniomba. Nina mbwa wawili sasa, wanalala mlangoni pa chumba cha mashine, na mteja akiuliza yule mweusi ni wa nani, namjibu ni wangu.