Tirimpo Asiyekosa Kazini

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha blanketi pale Thika sikupewa kompyuta. Nilipewa kikombe cha chai, nikaulizwa neno langu.

"Kila mtu hapa ako na neno," alisema Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, mzee mpole aliyefunga miwani yake kwa uzi. "Lako ni gani, Nyambura?"

Niwaeleze ninyi vijana. Ukijaribu programu kabla haijapata habari za kweli, unaweka maneno ya bandia ya kushika nafasi. Vitabu vya Wazungu vilitumia foo na bar. Sisi tulitunga yetu, kila mmoja lake, ili kosa likitokea ijulikane mara moja ni la nani. Sharti lilikuwa neno lisiwe na maana kwa lugha yoyote. Ulilitamka wakati wa chai mbele ya Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo na fundi wa umeme aliyezungumza Kigujarati, na yeyote akilitambua, ulirudi kutunga. Langu la kwanza fundi alilikataa akicheka hadi akamwaga chai, na hakuwahi kuniambia alichosikia. La pili likapita: Tirimpo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa programu ya mahudhurio, ya kuhesabu nani amepiga kadi langoni na nani hakuja. Ili kuijaribu nilimsajili mfanyakazi wa uongo, Tirimpo, idara ya ufumaji, nikaiamuru programu impigie kadi kila asubuhi. Halafu, kwa uzembe wangu, nikasahau kumfuta.

Mwisho wa mwaka kulikuwa na sherehe, na aliyekosa kazi siku chache kuliko wote alipewa cherehani. Tulijua ni ya Mama Njeri, mfumaji aliyetembea kutoka Makongeni mvua ikinyesha au isinyeshe. Alikuwa amekosa siku moja tu, ya kumzika mamake. Cherehani hiyo aliiongelea mwaka mzima.

Meneja Mkuu akafungua karatasi iliyotoka kwa kompyuta. "Tirimpo wa ufumaji! Hajakosa hata siku moja! Uko wapi?"

Watu wakageuka huku na huku. "Haiya, si ni yule mrefu wa shifti ya mchana?" mmoja akasema.

"Basi tutamwekea mpaka aje," Meneja akasema.

Mama Njeri alipiga makofi na wengine, machozi yakimlengalenga. Mimi nilikuwa bado kwa majaribio, zimebaki wiki mbili nithibitishwe kazini. Mkuu wa Kitengo alinitazama juu ya miwani yake. Niliogopa, lakini nikasimama.

"Huyo mtu hayuko, sir. Nilimtunga mimi. Cherehani ni ya Mama Njeri."

"Na wewe unafanya kazi gani hapa?" Meneja akauliza kwa ukali.

Mkuu wangu akajibu kabla yangu. "Ni programa wetu, sir. Na kama unavyoona, mtu wake hakosi kazi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, Meneja naye akashindwa kujizuia. Mama Njeri alibebewa cherehani yake hadi mlangoni. Kesho yake Mkuu aliniambia, "Kutunga ni nusu ya kazi. Kufuta ndiyo nusu ingine." Wiki mbili baadaye nikathibitishwa.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa bohari letu la Ruiru, mimi sasa nikiwa Mkuu, na kila programa mgeni nilimuuliza neno lake kabla ya kumpa kiti. Wengine walidhani nimechanganyikiwa.

Mwaka jana nilistaafu. Kwenye karamu ya kuniaga, kule Kamakis, Mama Njeri alikuja na gauni alilonishonea kwa cherehani ile ile. Ndani ya kola, mahali fundi huweka lebo yake, alikuwa ametarizi kwa uzi mwekundu: TIRIMPO.

Ninalivaa kanisani kila Jumapili. Mpaka sasa Tirimpo hajakosa hata moja.