Maana ya "Accent" Niliyoelezwa Ukonga

Mwanangu, iko siku moja ambayo uzee haujaniondolea kichwani. Nilikuwa kidato cha nne, nakaa kwa mjomba wangu Ukonga baada ya kuhamia kutoka Tarime. Walimu walinichagua nisome risala ya mahafali.

Kwenye mazoezi nikaanza, "Reo tumekusanyika..." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, wengine wakisema, "Ana accent!" Sisi Wakurya, unajua, L hutugeukia R. Mwalimu wa zamu akasema, "Mpeni mwenzake Zuhura asome. Huyu atatuaibisha mbele ya mgeni rasmi."

Nikaiacha risala mezani, nikatoka nalia. Na sikuwa mtu wa kulia mie.

Mama Hiza, mwalimu wetu wa Kiingereza, mwenyeji wa Tanga, akanifuata nje.

"Wamesema una nini, Rhobi?"

"Nina accent, mwalimu."

"Neno hilo unajua limetoka wapi?"

Sikujua. Akanieleza kwamba Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, na huko mzizi wake ni wimbo: wimbo unaoambatana na maneno. Siku hizi huitwa hivyo mkazo wa silabi, hata alama inayowekwa juu ya herufi, na pia lafudhi ya mtu.

"Kila anayesema anayo," akasema. "Zuhura anayo. Mimi nikifika Mwanza wananijua kabla sijamaliza salamu. Rudi ukasome, taratibu, usikike mpaka nyuma."

Akaingia kuzungumza na yule mwalimu wa zamu. Walichoambiana sikukisikia, ila risala nilirudishiwa.

Siku ya mahafali mama yangu alikuja kutoka Tarime. Nilipoanza kusoma, wapo waliocheka. Sikunyamaza, nikakaza sauti, nikaendelea, na kicheko kikaisha chenyewe. Nilipomaliza, mama akasimama katikati ya wageni wale wote akapiga vigelegele vya kwetu, na Zuhura akawa wa kwanza kupiga makofi. Sijawahi kujiona mrefu kama siku ile.

Basi mwanangu, jifunze kutamka sawasawa, na Kiingereza chao kijue vizuri. Lakini usiionee haya sauti uliyokua nayo, wala usimcheke mwenzako kwa ya kwake, maana akinyamaza kwa sababu yako utakuwa umemnyang'anya alichotaka kusema. Mungu aufungue ulimi wako, akujalie na watu wa kukusikiliza.