Laptop ya Mwalimu wa Kwaya

Banda la Josefina la kutengeneza laptop limepakana na cherehani yangu hapa Mpanda, kwa hiyo nilichokiona nimekiona. Tangu mumewe Aloyce, mwalimu wa kwaya, azikwe kwao Usevya, mwanamke huyu alikuwa na hamu moja tu: laptop ya marehemu iwake, amsikie tena.

Aloyce alirekodi humo nyimbo, akiimba sauti zote nne peke yake, hata ile ya kina mama, ili wanakwaya wajifunzie kwenye simu. Tulimcheka sana. Baada ya msiba laptop ilikuwa ikisasisha bayosi, ile programu ndogo inayoiamsha mashine. Betri mbovu, umeme ukakatika, kioo kikabaki cheusi. Kumbukumbu yenye nyimbo imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Dawa ni kuiandika upya chipu ya bayosi kwa programa, kidude kinachoibana chipu hiyo kwa klipu.

"Shemeji, si utumie ya kwangu?" alisema Optatus, fundi mwenzake. "Bei chee, na mie inanilisha kila siku."

Josefina akaipima kwa mita. Nyaya za data zilitoa volti tano, na chipu ya Aloyce inataka tatu na pointi.

"Hii itaniunguzia mume wangu," alisema. Hakuna aliyecheka.

Programa za bei mbaya hakuziweza. Akachagua ya kawaida yenye swichi ya kupunguza volti, akaiagiza Dar. Jamani, kusubiri kule! Kila basi likiingia, shingo juu. Nilimwonea huruma hadi nikakasirika: mtu kazikwa, kwa nini ajitese hivi? Lakini wangu yupo, anakoroma kila usiku. Mimi nitajua nini?

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ilipofika, nayo akaipima. Akaisoma chipu mara mbili, akahakikisha nakala zinafanana, ndipo akaandika.

Kioo kikawaka. Akabonyeza wimbo wa mwisho. Aloyce akaanza besi, akakohoa, akanyamaza. Kisha ikaja sauti yake ya nyumbani kabisa:

"Mama Hilari, nifungie mlango bwana, kuku wanaimba na mimi."

Josefina akainuka, akanisogeza pale kizingitini niliposimama, akaufunga mlango.