Vitabu Vitatu vya Jirani Yetu

Juzi nilimdanganya binti yangu. Alikuwa amerudi kutoka Lubumbashi anakosoma, akatupa mfuko wake juu ya kiti, akatoa kitabu kinene cha Kifaransa na kunionyesha jalada la nyuma. Palikuwa na picha ya mama Mmarekani, mwembamba, mwenye mvi, amevaa koti la kiume. "Mama, unamuyua huyu mwandikaji?" akauliza. Nikasema, "Apana, simuyue." Kisha nikakimbilia jikoni kusonga bukari, ugali wetu, wakati hata maji yalikuwa hayajachemka.

Namjua, rafiki yangu. Namjua tangu nilipokuwa na miaka kumi, na koti lile nalijua mpaka vifungo. Kwako wewe sina haja ya kudanganya, na kwa umri huu uongo unanichosha. Basi kaa, nikueleze.

Tulikaa katika mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, hapa hapa Kolwezi. Nyumba zilikuwa za matofali, zimepangana, kila moja na lupango lake, yaani kiwanja kidogo cha kulimia mboga, na ua wa miti kati ya jirani na jirani. King'ora cha mgodi kililia asubuhi, mchana na jioni, na akina mama walipika kwa kukifuata. Ukichelewa kuteka maji kwenye robine, utakuta foleni na matusi. Harufu ya matamba, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na ya makayabu, samaki wa chumvi aliyelowekwa tangu asubuhi, ilipita nyumba hadi nyumba, na kila mtu alijua nani leo anakula nini.

Kati yetu na nyumba ya mwalimu wangu wa darasani kulikuwa na tundu katika ua, kubwa kiasi cha mtoto kupita. Hapo vilipita makaa ya moto, chumvi, habari za mtaa, na sisi watoto. Mwalimu alikuwa mtu wa Kasai kwa asili, ingawa yeye na baba yake wote walizaliwa hapa; babu yake ndiye aliyeletwa kuchimba shaba. Sisi ni watu wa kaskazini ya Katanga. Mama na mke wa mwalimu walizungumza kila mmoja kwa lugha ya kwao wakaelewana vizuri, na siku walizogombana walielewana zaidi.

Saa kumi, shule ikishakwisha, mwalimu alikaa kwenye baraza yake na vitabu vitatu. Vyote viliandikwa na yule mama wa koti, vikatafsiriwa kwa Kifaransa. Yeye alisoma kimya, kisha akatusimulia kwa Kiswahili chetu. Kiingilio kilikuwa kazi: kila mtoto akae chini na kubambua karanga za mke wake, maana mwalimu hakupenda kuona mikono imelala. "Masikio inasikia muzuri kama mikono iko na kazi," alisema. Mtoto mmoja tu hakubambua. Huyo alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akakaa kando ya mwalimu na kumfungulia kurasa. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu, maana ni sifa ya mwisho utakayoisikia hapa.

Vitabu vile vilieleza mabaya ya Amerika. Cha kwanza kilikuwa cha watumwa, mnada, mama akiuzwa upande huu na mtoto upande ule. Cha pili kilikuwa cha wenyeji wa kwanza wa nchi ile, walivyotolewa kwao kwa bunduki wakatembezwa kwenye baridi, wazee wakibaki njiani. Cha tatu kilikuwa cha raia wenye asili ya Japani. Hao walizaliwa Amerika, wakasoma Amerika, na wakati wa vita wakaambiwa kwamba si watu wa hapo, wakapandishwa treni kwenda kambini na mizigo ya kubeba mkononi tu. Sisi tuliijua Amerika kwa jinzi na maziwa ya unga. Tulishangaa kama mtu aliyeambiwa padri anaiba.

Kila alipofika mahali pabaya, mwalimu alivua miwani na kutuuliza swali lile lile: "Na majirani? Bo balikuwa wapi?" Hapo makelele yalianza. Mmoja angepigana, mwingine angeita polisi. Mimi nilipiga kelele kuliko wote: "Mi ningebaficha chini ya kitanda yangu!" Mwalimu alicheka. "Kitanda yako ni kidogo, mama," aliniambia. Siku moja nilimuuliza kama yule mwandishi haogopi. Akanijibu: "Huyu anaandika mubaya ya batata yake mwenyewe, baba na babu yake. Kuandika mubaya ya bengine, hata mulevi anaweza."

Kisha mgodi ukaporomoka. King'ora kikaanza kuruka siku, halafu wiki. Tata, baba yangu, alienda kazini na kurudi mikono mitupu, na sufuria ikapungua maji ya kupikia kwa sababu unga nao ulipungua. Mama akaanza kukaanga karanga za chumvi na kunituma kuziuza. Na njaa ilipokuwa imekaa vizuri majumbani, wakaja wanasiasa wenye maneno. Walisema mkate wetu umeliwa na watu wa Kasai, kwamba warudi kwao, ingawa wengi hawakuwahi kukuona huko kwao hata kwa picha. Waliwaita bilulu, wadudu. Vijana wakatunga wimbo. Niliuimba, rafiki yangu. Siku moja niliuimba nyumbani nikiosha vyombo, na upande wa pili wa ua nikasikia mwiko unasimama ndani ya sufuria. Nikasuuza sahani moja, kisha nikaendelea polepole. Ulikuwa wimbo mtamu, na kinachoniudhi ni kwamba bado naukumbuka wote.

Mchana mmoja vijana wenye fimbo walipita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wa Kasai watoke. Tata akafunga mlango wetu na kusema tusionekane nje, tusije tukaulizwa kitu. Mimi nilikuwa nje nyuma, karibu na tundu. Mwalimu akatokea hapo, amebeba mfuko wa unga uliofungwa kamba, na ndani yake vile vitabu vitatu. "Mashini ya kushona baibebe, haina neno," alisema. "Hii njo mutanishikia. We njo unayuaka kufungula. Nitairudilia." Nikamwapia kwa Mungu kwamba nitamtunzia mpaka arudi. Nikapeleka mfuko chini ya kitanda changu, na ukaenea vizuri kabisa.

Laiti ningeishia hapo, ningekuwa na hadithi nzuri.

Karanga zilifungwa kwenye karatasi zilizokunjwa kama pembe. Mama alikuwa ametumia magazeti ya tata, mifuko ya sementi, hata kalenda ya parokia. Asubuhi ya tatu tangu mwalimu aondoke karatasi zikaisha, na mama akachukua daftari langu la shule. Daftari lile lilikuwa na wino mwekundu wa mwalimu kila ukurasa: "Vizuri sana", "Vizuri sana", na mahali pamoja, "Endelea hivi". Nilikuwa wa kwanza darasani na ushahidi wangu wote ulikuwa mle. Nililia. Mama akasema, "Mutu wa njala hana muiko. Karatasi itatoka wapi?"

Mama hakujua kulikuwa na mfuko chini ya kitanda. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikwenda mwenyewe, nikafungua kamba mwenyewe, nikarudi na kitabu cha tatu, nikampa. Akauliza ni cha nani. Nikasema nimekiokota. Tukakichana pamoja, na mimi nilikuwa mwepesi, maana nilikuwa nimezoea kufungua kurasa zake. Safari hii sikunawa mikono.

Ukiuliza wateja walikuwa wapi, jibu unalijua. Wenye njaa wengi kuliko wote walikuwa gare, yaani stesheni, wale waliofukuzwa, wanangoja treni ya kupitia Lubudi kwenda Kasai. Walilala hapo juu ya magodoro na masanduku, watoto wakikohoa, mahema ya pagne, vitenge vya akina mama, yamefungwa kwenye nguzo. Wangekosa vyote, lakini mtoto akililia karanga, mzazi atatafuta. Nikapita katikati yao na sinia kichwani: "Karanga! Karanga ya moto!"

Mke wa mwalimu ndiye aliyeniita. Alinikumbatia kwanza. Aliniuliza mama hajambo, akanunua pembe moja, akampa mume wake ammiminie mtoto. Mwalimu alizimimina karanga kiganjani mwa mtoto, halafu, kama ilivyokuwa desturi yake kwa karatasi yoyote yenye maandishi, akaikunjua na kuvaa miwani. Alisoma mstari mmoja. Akageuza upande wa pili. Akaitazama sinia yangu, pembe zote zilizosimama pale na maandishi yake.

Nilingoja kofi. Ningelipokea kama zawadi. Mwalimu aliinyoosha ile karatasi juu ya goti lake kwa kiganja, taratibu, akafuta mafuta kwa shati. "Uzisha, mama," aliniambia. "Njala haiyue kusoma." Mke wake aligeuza uso kando. Nikaondoka haraka, na nyuma yangu nikaona watoto wa gare wakimletea karatasi walizookota chini, yeye akizipanga kwa namba za kurasa. Nilimaliza sinia nzima, na mama akafurahi.

Bado hujasikia lililo baya. Kesho yake nilirudi. Nilirudi na kitabu cha pili, kile cha watu waliotembezwa kwenye baridi, na nikauzia upande mwingine wa gare, mbali na mwalimu, ili asinione. Na cha kwanza nilikichana siku treni ilipokwisha kuondoka, wakati hapakuwa na mtu wa kumficha. Wahenga husema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka pamoja nami.

Mwalimu hakuvirudilia vitabu vyake. Sijui kama alifika. Watu walisema wengine walikufa njiani, na mimi sikuuliza majina kwa kuogopa kujibiwa. Mtaa wetu sasa ni mashimo. Watu wanachimba kobalti hata ndani ya sebule, na pale palipokuwa na baraza ya mwalimu pana turubai la rangi ya chungwa na kamba inayoshuka chini. Ua umekatwa, tundu limekwenda nao. King'ora hakilii tena, na watoto siku hizi wanajua saa kwa simu.

Jana, binti yangu alipokwenda sokoni, nilikaa mezani na kile kitabu. Kilikuwa cha tatu, kile cha raia wenye asili ya Japani. Niliosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, nikatafuta mahali mwalimu alipokuwa amefika, nikasonga mbele. Sura inayofuata ni ya majirani. Kuna mama mmoja aliyeahidi kumtunzia rafiki yake piano mpaka arudi kutoka kambini, na baridi ilipokuja akaipasua kuni. Mwandishi hakumficha. Ameandika wazi: "Mama huyo alikuwa nyanya yangu."

Nikakifunga. Nikaenda chumbani, nikafungua sanduku, nikatoa daftari langu na kuliweka mezani juu ya kitabu cha binti yangu, nikakaa kumngoja. Wino mwekundu umefifia kidogo, lakini unasomeka. Nimezihesabu kurasa zake tena jana, kama ninavyozihesabu kila mwaka. Halikosi hata ukurasa mmoja.