Seli Zilizoruka Kabla ya Taa

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo, lakini kwa Mama Panya nimenyoosha mikono. Huu mwaka wa kumi na tisa anawalisha panya weupe wa maabara yetu, na ole wako ufunge mlango wa chumba chao kwa kishindo. Kila Ijumaa sisi wasomi tunakaa mezani kujadili utafiti mpya wa hesabu za ubongo, yaani jinsi seli za kichwani zinavyopiga mahesabu yake. Yeye hukaa pembeni kusubiri maagizo ya wiki, na sisi tulikuwa tukimwona hivi hivi tu.

Ijumaa moja ikawa zamu ya mwanafunzi tuliyemwita Binti Hesabu. Miaka mitatu nzima alikuwa akiunda mlinganyo mmoja: panya hupewa maji ya sukari kila taa inapowaka, lakini asiyepewa dalili yoyote hawezi kujua itawaka lini, kwa hiyo seli zake zinazongoja maji hayo zitaruka, yaani zitashtuka kwa umeme, pale tu taa inapowaka. Balaa ni kwamba vipimo vilimkana. Seli ziliruka sekunde tatu kabla ya taa, kila mara. Profesa, mkuu wa maabara yetu, akamwambia waziwazi autupe mlinganyo huo, aanze upya. Na mimi, nisijisafishe, niliitikia kwa kichwa. Binti akainamia karatasi zake, macho yamemjaa machozi.

"Samahani Profesa," Mama Panya akasema, "ile pampu ya maji ya sukari huanza kufanya kazi saa ngapi?"

"Sekunde tatu kabla ya taa, mama. Lakini haina sauti."

"Haina sauti kwako wewe. Wanangu walio upande wa pili wa ukuta, ambao hata hamjawapima, wanageuza masikio kila ikianza. Nyie mnaangalia kompyuta, mimi naangalia panya."

Jamani. Wasomi saba, digrii tele, na hakuna aliyewahi kuangalia sikio la panya. Nilijiona mjinga kabisa.

Jumatatu tukaihamishia pampu mwisho wa korido, tukavuta mpira mrefu wa maji hadi kwenye kizimba cha panya. Binti aliikodolea macho skrini bila kupepesa, Mama Panya nyuma yake, mkono begani kwake. Sekunde tatu kabla ya taa, kimya. Mbili, kimya. Moja, kimya. Taa ikawaka, seli zikaruka, vile vile mlinganyo ulivyosema. Tulirudia mara mia mbili na jibu likawa lile lile. Binti alilia huku akicheka, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Ijumaa iliyofuata Profesa alimwomba Binti radhi mbele yetu sote, akamkaribisha ubaoni aueleze mlinganyo wake tangu mwanzo. Kisha akavuta kiti cha mbele kabisa.

"Mama, kaa hapa."

Mama Panya akakaa, akajiweka sawa, akamtazama Binti.

"Haya mwanangu, anza. Na wakikubishia, mimi nipo."